Kusoma herufi za ADN: namna magonjwa ya misuli ya kurithi yanavyotambuliwa



Wengi wenu mnamukumbuka mwenzetu mmoja aliyesoma hapa mpaka mwisho wa klasi ya pili. Jina lake hatutalitaja. Alitembea juu ya vidole, tumbo mbele, mabega nyuma. Mashavu ya miguu yake yalikuwa manene sana, hata tukamuita katika timu yetu ya mpira. Lakini kukimbia hakuweza. Akianguka chini, aliinuka kwa kushika magoti, kisha mapaja, kidogo kidogo, sawa vile mtu anayepanda juu ya mwili wake mwenyewe. Siku ya kwanza tulicheka. Tunaungama. Kisha tukaanza kumubeba mgongoni kwa zamu, toka barabarani mpaka klasi, kwa maana shule yetu iko juu ya mlima. Mwaka wa tatu hakurudi tena. Halafu tukasikia kwamba dada yake mdogo naye anaanza kuangukaanguka.

Katika mtaa maneno yalikuwa mingi. Wengine walisema: "Balibaloga." Wengine wakasema: "Ile ni bulozi ya kwa mama yabo." Mama yule aliacha hata kwenda sokoni, juu ya kukimbia macho ya watu.

Mwaka huu, katika somo la biolojia, tumefikia sura ya urithi: namna gani mtoto anapata pua ya baba ao rangi ya mama. Tukakumbuka ndugu yetu, tukauliza mwalimu, tukatafuta katika vitabu. Tunawaletea yale tuliyopata, tena kwa maneno mepesi, ili hata wadogo wa klasi ya kwanza waelewe.

1. NGUVU YA MISULI INATOKA WAPI?

Msuli ni fungu la nyuzi nyembamba sana. Ukikunja mkono, nyuzi zinajivuta. Kila uzi umefunikwa na ngozi yake nyembamba, na kila mara uzi unapojivuta, ngozi ile inapata taabu. Basi ndani ya uzi kuko protini inayoitwa distrofini. Kazi yake ni sawa na ya kamba: inafunga sehemu za ndani za uzi pamoja na ngozi ya nje, ili ngozi isipasuke.

Distrofini ikikosa, ngozi inapasuka leo hapa, kesho pale. Mwili unatengeneza. Unatengeneza tena. Mwisho unachoka kutengeneza, na fasi ya msuli inajaa mafuta na makovu. Kumbe yale mashavu ya miguu tuliyoyasifu hayakuwa alama ya nguvu hata kidogo.

2. UGONJWA WA DUCHENNE

Ugonjwa wa misuli wa kurithi unaojulikana kupita yote ni ule wenye jina la munganga mfaransa Guillaume Duchenne, mtu wa mji wa Boulogne, aliyeueleza vizuri katika miaka ya 1860. Munganga mwingereza William Gowers naye, katika mwaka 1879, aliandika juu ya namna ile ya kuinuka kwa kujishika magoti na mapaja. Mpaka leo alama ile inaitwa kwa jina lake.

Ugonjwa wa Duchenne unapata karibu mtoto mwanaume mmoja kati ya 5000 wanaozaliwa, katika mataifa yote, weusi kwa weupe. Mtoto anachelewa kutembea, anaanguka mara kwa mara, na kama hakupewa dawa, karibu na miaka 12 miguu inakataa kabisa. Nyuma ya miguu ugonjwa unafikia pumzi na moyo.

Sababu gani wanaume? Kwa sababu jene ya distrofini iko juu ya kromozomu X. Mwanamke ana X mbili: moja ikiharibika, ile ya pili inasaidia. Mwanaume ana X moja tu, na hiyo aliipata kwa mama. Ikiwa mama anabeba X moja iliyo mbovu, kila mtoto mwanaume anayezaliwa yuko katika hatari ya nusu kwa nusu kuugua, na kila mtoto mwanamke yuko katika hatari ya nusu kwa nusu kubeba ile X mbovu kama mama yake. Wanawake wengi wanaoibeba hawasikii kitu, lakini wengine wanapata uzaifu wa misuli ao wa moyo.

Jene yenyewe ilipatikana katika mwaka 1986 na kikundi cha Louis Kunkel, mjini Boston katika Marekani. Mwaka uliofuata, 1987, walitambua protini yake, wakaiita distrofini.

3. KITABU CHA HERUFI INE

Tunajua kwamba ndani ya selule zetu kuko ADN. Ni kama kitabu kilichoandikwa kwa herufi ine tu: A, C, G na T. Kitabu cha mtu kina herufi karibu miliari 3, na ndani yake kuko jene karibu 20.000. Jene ni sawa na ukurasa unaofundisha selule namna ya kutengeneza protini fulani. Jene ya distrofini ni moja ya zile kubwa kabisa: ina herufi kupita milioni 2. Maagizo yenyewe yamegawanyika katika vipande 79, vinavyoitwa egzoni.

Selule inasoma maagizo kwa herufi tatu tatu. Tuchukue mfano kwa kiswahili chetu, kwa maneno ya herufi tatu:

LEO MTU ANA KAA NJE

Sasa tuondoe herufi moja tu, ile T ya MTU, lakini tuendelee kusoma tatu tatu:

LEO MUA NAK AAN JE

Angalieni! Herufi moja ilipotea, na kila kitu kinachofuata kimeharibika. Lakini tukiondoa neno zima la herufi tatu, ANA, tunasoma:

LEO MTU KAA NJE

Hiki si kiswahili kizuri, walimu wetu watatusamehe, lakini maana ingali inasikika. Katika jene ya distrofini mambo ni karibu vilevile. Makosa yanayovuruga usomaji wa tatu tatu, kwa kawaida yanaleta ugonjwa mkali wa Duchenne. Makosa yanayoondoa kipande bila kuvuruga usomaji, kwa kawaida yanaleta ugonjwa mwepesi kidogo, unaoitwa wa Becker, na mgonjwa anaweza kutembea miaka mingi zaidi. Jene ni moja, lakini maisha ni tofauti, kufuatana na namna herufi zilivyopotea.

4. MASHINI INASOMA NAMNA GANI?

Zamani munganga alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kupima katika damu kitu kinachoitwa kreatini kinaze. Kitu hiki kinakaa ndani ya misuli. Misuli ikipasuka kinamwagika katika damu. Kipimo hiki si cha bei kubwa, na kingali cha maana hata leo. Lakini kinasema tu kwamba misuli inaharibika; hakisemi ni kwa sababu gani. Njia ya pili ni kukata kipande kidogo cha msuli na kukitazama kwa mikroskopi. Mtoto anaumia, na mara ingine jibu halipatikani.

Njia ya tatu ni kusoma ADN yenyewe. Frederick Sanger, mwingereza, alionyesha katika mwaka 1977 njia nzuri ya kusoma herufi moja kwa moja. Ilikuwa kazi ya polepole. Mpango mkubwa wa kusoma kitabu chote cha mtu ulianza katika 1990 ukamalizika katika 2003, na ulikula karibu miliari 3 za dola. Leo, kwa mashini mpya, kitabu cha mtu mmoja kinasomwa kwa siku chache na kwa gharama iliyo chini ya dola 1000. Kwetu hizo ni feza nyingi bado, lakini angalieni njia iliyotembelewa!

Mashini mpya inafanya hivi. Wazeni kwamba mnakamata vitabu mia moja vya nyimbo, vyote sawasawa, mnavikata vipande vya maneno matano matano, mnavichanganya katika kitunga. Sasa mnamupa mtu kitunga kile pamoja na kitabu kimoja kizima, mnamuambia: "Weka kila kipande fasi yake." Kwa mtu ni kazi ya wazimu. Lakini ordinateri inaiweza. ADN inatolewa katika damu kidogo, inakatwa vipande vidogo, mashini inasoma mamilioni ya vipande kwa mara moja, na ordinateri inavipanga ikilinganisha na kitabu cha kawaida cha mtu. Pale ambapo herufi ya mgonjwa ni tofauti, inaweka alama.

Kwa Duchenne, wanganga hawaanzi na kusoma herufi. Wanahesabu kwanza zile egzoni 79, kwa sababu kwa wagonjwa karibu wawili kati ya watatu kuko egzoni moja ao nyingi zilizokosekana kabisa. Wengine wana egzoni zilizoandikwa mara mbili. Ikiwa hesabu ni nzuri, ndipo wanasoma herufi moja moja, kutafuta kosa dogo.

5. HABARI YA TUNISIA

Hapa ndipo sisi tulishangaa, kwa kumukumbuka yule dada mdogo.

Katika nchi ya Tunisia, Afrika ya Kaskazini, wanganga waliona watoto wengi wenye ugonjwa uliofanana kabisa na wa Duchenne: mashavu ya miguu manene, kuanguka, kuinuka kwa kujishika magoti. Lakini hawakuwa wanaume tu. Wasichana nao waliugua, tena kwa ukali uleule. Katika mwaka 1983 munganga Mongi Ben Hamida na wenzake waliandika juu ya jambo hili. Walifahamu kwamba haiwezi kuwa Duchenne, kwa sababu ugonjwa wa kromozomu X hauwapati wasichana wengi namna ile.

Wenye elimu walitafuta miaka zaidi ya kumi. Katika 1995 jene ilipatikana, si juu ya X, lakini juu ya kromozomu 13. Inafundisha kutengeneza protini ingine, jirani ya distrofini katika ile kazi ya kufunga ngozi ya uzi. Na kosa lilikuwa nini? Katika fasi moja ya jene hiyo kuko herufi T tano zinazofuatana. Kwa wagonjwa wengi wa Afrika ya Kaskazini zimebaki ine. T moja tu imepotea, sawa katika mfano wetu wa pale juu.

Katika ugonjwa huu baba na mama wote wawili wanabeba jene moja mbovu na moja nzuri, nao ni wazima, hawajui kitu. Mtoto anaugua akipata mbovu toka pande zote mbili. Kwa kila mtoto anayezaliwa hatari ni moja kwa ine, mwanaume ao mwanamke. Tuelewe vizuri: hii haina maana kwamba wakizaa wazima watatu, wa ine lazima augue. Kila mara ni kama kuanza upya.

Mnaona sasa? Kwa macho, magonjwa mawili haya ni kitu kimoja. Lakini katika Duchenne tunapima mama, dada na mama wadogo, na katika ule wa Tunisia tunapima baba na mama pamoja. Anayekosea jina la ugonjwa anapa jamaa shauri la uongo.

6. JINA LINALETA FAIDA GANI?

Mtu anaweza kusema: "Ikiwa hakuna dawa ya kuponya, kujua jina kunasaidia nini?" Tulijiuliza vilevile. Tulipata majibu haya.

Kwanza, mara ingine dawa iko. Kuko ugonjwa wa kurithi unaotoka katika jene inayoitwa DOK7, iliyotambuliwa kuwa chanzo chake katika mwaka 2006. Unaleta uzaifu wa mabega na mapaja, na wagonjwa wengi waliambiwa miaka na miaka kwamba wana ugonjwa wa misuli usio na dawa. Kumbe kosa liko pale ambapo mshipa wa fahamu unaongea na msuli. Wengi wao wanasaidiwa na salbutamoli, ile dawa tunayoijua sote kwa watu wa pumu! Na dawa ingine, inayosaidia magonjwa mengine ya jamii hii, inaweza kuwaongezea uzaifu wale wa DOK7. Basi bila kusoma jene, munganga anaweza kuumiza akifikiri anasaidia. Lakini tunaonya: hakuna mtu aende kununua salbutamoli kwa duka juu ya miguu inayochoka. Kazi hiyo ni ya munganga.

Pili, kila jina lina hatari yake. Kuko magonjwa ya misuli yanayogusa moyo mapema, na mengine yanayouacha. Anayejua jina anapima moyo na pumzi kwa wakati wake. Kwa Duchenne, dawa za aina ya prednisone zinasaidia watoto kutembea muda mrefu kidogo, na mazoezi mazuri ya viungo yanazuia mishipa kukauka.

Tatu, dawa mpya zinatengenezwa kufuata herufi zenyewe. Katika 2016 Marekani iliruhusu dawa ya kwanza inayofanya selule iruke egzoni moja ya distrofini, ili usomaji wa tatu tatu urudi katika njia yake. Inafaa kwa wagonjwa wachache tu, wale wenye kosa fulani. Bei yake ni kubwa ya kutisha, na faida yake ingali inajadiliwa. Hatutaki kuwadanganya: mpaka leo ugonjwa wa Duchenne hauponi.

Tuseme tena kwamba mashini si nabii. Jamaa nyingi zinasomewa ADN na kurudi bila jibu, kwa sababu jene yao haijajulikana bado, ao kwa sababu herufi iliyoonekana tofauti haijulikani kama ni kosa ao ni tofauti tu ya watu.

7. NA HUKU KWETU?

Hapo juu ya "tofauti tu ya watu" kuko jambo linalotuhusu sisi Waafrika. Vitabu vya ADN vilivyosomwa duniani mpaka sasa, vingi ni vya watu wa asili ya Ulaya. Herufi ambayo huko haionekani, labda kwetu ni ya kawaida kabisa, na haina ubaya. Munganga asiyejua hilo anaweza kuiita ugonjwa. Kwa hiyo ADN ya Waafrika inapaswa kusomwa na kuwekwa katika hesabu.

Kazi hiyo imeanza. Katika mwaka 2019 kulizaliwa mpango wa mataifa mingi, unaoongozwa toka University College London, wa kusoma jene za wagonjwa wa misuli na wa mishipa ya fahamu. Ndani yake kuko Afrika ya Kusini na jirani yetu Zambia, kwa hospitali ya chuo kikuu mjini Lusaka. Na katika Kongo yetu, kazi ya kusoma herufi si ngeni. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, tangu 2018 mpaka 2020, wataalamu wa INRB ya Kinshasa walisoma herufi za virusi hapa hapa nchini. Kweli, virusi vya Ebola vina herufi karibu 19.000 tu, na mtu ana miliari 3. Lakini mtoto anaanza kwa kutambaa.

Na kwa sasa, mtu wa mtaa wetu afanye nini? Kuko mambo matatu yasiyongoja mashini. Apeleke mtoto kwa munganga mapema, aombe kipimo cha kreatini kinaze. Asikubali kuuza mbuzi wake wote juu ya watu wanaodai kutoa bulozi. Na jamaa iandike ukoo wake: babu, bibi, baba, mama, wajomba, watoto wote, wazima na wagonjwa, wanaume na wanawake, hata wale waliokufa wadogo. Karatasi moja na biki vinatosha. Ukoo ulioandikwa vizuri unamuonyesha munganga atafute kwa X ao kwingine, hata mbele ya kukamata damu.

8. NENO JUU YA MAMA

Tulipoanza kuandika tuliogopa kitu kimoja: kwamba mtu atasoma "kromozomu X inatoka kwa mama" na kusema, "Munaona? Tulisema ni mama!" Basi asome na haya. Kwa mgonjwa mmoja karibu kati ya watatu wa Duchenne, mama habebi kosa lolote; kosa lilizaliwa jipya katika mtoto mwenyewe. Na kila mmoja wetu, hata mwenye kukimbia kupita wote katika shule hii, anabeba jene kazaa zilizo mbovu bila kujua. Hakuna aliyezichagua.

Wakristo tunajua habari ya yule aliyezaliwa kipofu, katika Injili ya Yohana sura ya 9. Wanafunzi wa Yesu walitaka kujua zambi ilikuwa ya nani, yake ao ya wazazi. Bwana alilikataa swali lenyewe. Sisi tulilisoma mara ngapi katika ibada ya asubuhi, na nyuma ya ibada tukauliza swali lilelile juu ya mwenzetu!

Hatujui jina la ugonjwa wake. Wale waliomupima hawakulitoa, na sisi si wanganga. Lakini tunajua kwamba dada yake naye anaanguka, na sasa tunajua kwamba neno hilo ni la maana, linapaswa kuandikwa. Kwa ruhusa ya wazazi wake, siku ya Posho tutapanda kwao pamoja na mwalimu wa biolojia na muuguzi wa kituo chetu. Tutapeleka karatasi kubwa na biki, na tutaandika ukoo wao, upande wa baba na upande wa mama, mistari miwili ya urefu mmoja. Wenye kutaka kuja nasi waonane na mkubwa wa klasi. Na tutamuletea masomo ya mwaka wa tatu, kwa maana miguu ndiyo iliyogonjwa, kichwa chake ni kizima, na katika hesabu alitupita sisi wote.

Kikundi cha biolojia, klasi ya tano